Gitaa la umeme la kupigia slaidi: shajara ya mradi, Tanga

Jumamosi

Gitaa liko mezani. Ni nakala ya Stratocaster ya kampuni ya Fender, la mtumba, jekundu, rangi imechubuka ukingoni. Shingo imenyooka na freti, vile vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa shingoni, zimelika kwenye zile nafasi za kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kawaida, karibu na kichwa. Kwa gitaa la kupigwa kwa vidole ningeanza kuhesabu gharama ya kubadilisha freti. Kwa kazi hii freti zilizolika hazinisumbui, kwa sababu uzi hautazigusa.

Slaidi ni bomba dogo la kioo au la chuma linalovaliwa kidoleni. Unaligusisha juu ya uzi bila kuukandamiza, na pale lilipogusa ndipo noti inapoanzia. Kwa hiyo bomba lenyewe linakuwa freti, ila freti inayohama. Ninachotaka ni gitaa la umeme linaloweza kuimba melodia ya taarab mpaka zile hatua ambazo freti zinazikataa. Freti zimeigawa oktavu vipande 12 vilivyo sawa, na maqam, yaani mifumo ya noti ya Kiarabu, kama rast na bayati zina hatua zinazoangukia katikati ya vipande hivyo. Mpiga fidla anazifikia kwa kusogeza kidole kidogo tu. Mpiga udi vilevile, shingo ya udi haina freti. Mpiga ganuni ana vijiti vyake vya kugeuza. Mwenye gitaa ndiye anayebaki mlangoni.

Hapa Tanga suala hili tunalijali kuliko mahali pengi. Unguja wana Ikhwani Safaa yao ya tangu 1905, yenye fidla na ganuni na ladha ya Misri. Tanga ilikuja na Black Star na Lucky Star, na ni vikundi hivyo vilivyolipa gitaa la umeme nafasi ya mbele kwenye taarab. Nimekulia kwenye sauti hiyo na naiheshimu sana. Nataka tu kujua gitaa lile likivuliwa freti zake litasema nini.

Vipimo kabla sijagusa kitu: nyuzi ni seti nyembamba inayoanzia 9, yaani uzi wa kwanza una unene wa elfu 9 za inchi. Freti ya kwanza, nafasi kati ya uzi na chuma ni milimita 0.5. Freti ya 12, milimita 1.8. Urefu wa uzi kutoka kizingiti cha kichwani hadi darajani ni milimita 648. Kwa vidole, hapo ndipo pazuri kabisa. Kwa slaidi haichezeki: ukiegemeza bomba kidogo tu, linagonga freti na kutoa mlio wa bati.

Jumapili, nyuzi

Kabla ya kupandisha chochote lazima nyuzi ziamuliwe, maana kila kipimo kingine kinazifuata. Uzi mwembamba unazama chini ya uzito wa slaidi, ukizama unagonga freti na noti inapanda. Uzi mnene unabeba.

Halafu kuna tyuni, yaani noti ambayo kila uzi unakazwa kuitoa. Slaidi ni kipande kilichonyooka, kwa hiyo nyuzi zote zilizo chini yake zinapanda kwa pamoja. Ndiyo sababu wapigaji wengi wanatyuni gitaa ili nyuzi zikiwa wazi zitoe kodi kamili. Elmore James alipenda D A D F# A D, ukihesabu kuanzia uzi mnene. Duane Allman na Derek Trucks wanajulikana kwa umbo lilelile likiwa juu kwa toni moja, yaani E. Muddy Waters alipiga sana kwenye D G D G B D. Mimi ninaanza na D, kwa sababu waimbaji wetu wanakaa vizuri hapo na kwa sababu kuteremsha nyuzi ni salama zaidi kwa shingo kuliko kuzipandisha.

Kuteremsha kuna gharama yake. Mvuto wa uzi unakwenda na mraba wa masafa yake, kwa hiyo ukishusha toni moja tu unapoteza karibu sehemu moja ya tano ya mvuto. Uzi wa 9 kwenye E unavutwa kwa takriban kilo 5.9, ukiushusha hadi D unabaki na kilo 4.7, na hapo umelegea. Uzi wa 12 kwenye D unavutwa kwa kilo 8.4. Huo ndio unaoweza kubeba kipande cha shaba.

Nimefunga seti ya 12, 16, 20, 32, 42, 54. Uzi wa tatu, ule wa 20, ni wa waya mtupu. Seti nyingi nene huja na uzi wa tatu uliosokotwa, na msokoto ukipitiwa na slaidi unakwaruza. Nyuzi tatu za chini zinakwaruza pia, lakini melodia haikai huko.

Nimejumlisha mvuto wa nyuzi zote sita: seti ya zamani ilikuwa takriban kilo 38, hii mpya ni takriban kilo 60. Hizo kilo 22 za ziada ndizo zitakazonipangia ratiba ya siku zinazofuata. Leo nimezikaza nusu tu.

Jumatatu jioni, daraja

Daraja la Stratocaster linaelea. Nyuzi zinalivuta mbele, springi zilizofichwa nyuma zinalivuta kinyume, na linasimama pale nguvu mbili zinapokuwa sawa. Kwa slaidi huo ni usumbufu mtupu. Ukibadilisha tyuni ya uzi mmoja, nyingine tano zinahama. Ukivunja uzi katikati ya wimbo, gitaa zima linapanda.

Nimefungua kifuniko cha nyuma. Springi zilikuwa tatu, nimeweka tano na kukaza skrubu mbili kubwa za kucha inayozishika mpaka bamba la daraja likalala juu ya mbao. Kisha nimekata kipande cha mninga kutoka kwenye mabaki ya fundi seremala jirani, nikakipiga msasa mpaka kikaingia kwa kubanwa kati ya kile kitofali cha chuma kinachoning'inia chini ya daraja na ukuta wa tundu upande wa nyuma, upande wa mbali na shingo. Upande huo ndio wenyewe: nyuzi zinapoliinua daraja, kitofali kinarudi nyuma, na mbao inakizuia. Hakuna gundi, nikitaka kulirudisha gitaa kama lilivyokuwa nakitoa kwa bisibisi.

Nimegonga mwili kwa kidole kabla na baada. Ule mlio wa springi uliokuwa ukibaki nyuma ya kila noti umepungua sana.

Jumatano, kizingiti

Hapa ndipo kazi ilipo, na nitaandika kwa kirefu kwa sababu wengi wanaotaka kujaribu slaidi wanapandisha daraja peke yake, wanaacha kichwa kilivyo, halafu wanashangaa kwa nini freti tatu za kwanza zinapiga kelele.

Kizingiti ni kile kipande cheupe chenye mifereji, nyuzi zinapotoka kichwani kuingia shingoni. Freti ya 12 iko katikati kabisa ya uzi. Kwa hiyo ukipandisha kizingiti milimita moja, freti ya 12 inapanda nusu milimita, na freti ya kwanza inapanda karibu milimita nzima. Ukipandisha daraja ni kinyume chake: freti ya 12 inapata nusu, freti ya kwanza haipati karibu kitu. Sehemu zote mbili lazima ziguswe.

Kuna vipande vya chuma vinavyouzwa kwa kazi hii, vinavaliwa juu ya kizingiti cha kawaida na kuziinua nyuzi juu sana kama gitaa la Hawaii la kulazwa mapajani. Sikutaka hivyo. Nikiinua kiasi hicho sitaweza tena kubonyeza kodi kwa vidole, na kwenye taarab nahitaji vidole vitatu vibaki huru.

Jaribio la kwanza limekuwa la kadi ya benki iliyokwisha muda. Kadi hizi zina unene wa milimita 0.76 kokote duniani, kwa hiyo ni kipimo cha kuaminika. Nimekata ukanda wa upana wa kizingiti, nikakigonga kizingiti taratibu kwa kipande cha mbao mpaka gundi ikaachia, nikaweka ukanda chini yake na kukirudisha. Freti ya kwanza imetoka milimita 0.5 hadi 1.2. Freti ya 12 imefika karibu milimita 2.2 bila kugusa daraja. Nimejaribu kwa soketi ya kufungulia plagi za gari kidoleni, na kwa mara ya kwanza freti ya pili ilitoa noti safi.

Kadi ni ya kupimia tu. Plastiki laini inakula mlio, na ile mifereji ilichimbwa kwa nyuzi nyembamba: uzi wa 54 umekaa juu ya mfereji wa 42, haujaingia. Kizingiti kipya kitakuwa cha mfupa.

Ijumaa na Jumamosi, mfupa

Nimepata mfupa wa mguu wa ng'ombe kwa muuza nyama wa soko la Ngamiani. Nimemwomba anikatie ile sehemu iliyonyooka, isiyo na kifundo, kwa sababu ukuta wake ni mnene na mgumu. Nimeuchemsha, nikautoa uboho, nikauchemsha tena kwa maji ya sabuni na kuuanika kivulini. Usiuanike juani, unapasuka. Mafuta yakibaki ndani mfupa unakuwa wa njano na laini, kwa hiyo hatua ya sabuni isifanywe kwa haraka.

Kwa msumeno wa chuma nimetoa kipande cha urefu wa milimita 43 na unene wa milimita 4, kisha nikakiteremsha hadi milimita 3.2 kwa kukisugua juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo. Kioo ndicho kinachohakikisha uso umenyooka. Vaa barakoa, vumbi la mfupa si la kuvuta. Harufu yake inakumbusha kwa daktari wa meno.

Mifereji ndiyo roho ya kizingiti. Tupa maalumu za kazi hii zinauzwa ghali na hapa hazipatikani, lakini mafundi wa kuchomelea gesi wana kile kifurushi cha vijiti vya chuma vyenye meno madogo, vya kuzibulia pua ya mwali. Viko vya unene tofauti na kila kimoja ni duara. Nimevipima kwa vanya kalipa na kuchagua kilichozidi uzi kidogo sana. Mfereji ukibana, uzi unakwama na kuruka ukiutyuni. Ukilegea, unatetemeka pembeni na mlio unakuwa kama wa sitari. Mteremko uelekee kichwani, ili uzi uguse mfupa ukingoni kabisa kwa upande wa freti. Kina chake kiwe nusu ya unene wa uzi, nusu nyingine ibaki juu.

Na hapa kuna uamuzi mmoja unaolitenga gitaa la slaidi na mengine. Ubao wa vidole wa gitaa una tumbo, si bapa. Hili langu lina duara la nusukipenyo inchi 9.5, yaani milimita 241. Nyuzi zikifuata duara hilo darajani, ambako zimetawanyika kwa milimita 52, zile za katikati zinakuwa juu ya zile za pembeni kwa takriban milimita 1.4. Slaidi ni mstari ulionyooka. Ukigusa za katikati, za pembeni hazijaguswa. Ukizilazimisha za pembeni, za katikati zinazama hadi kwenye freti. Kwa hiyo mifereji nimeichimba karibu bapa, nikaacha tumbo dogo sana, na vikalio sita vya daraja, vile vipande vinavyobeba nyuzi, nimevipanga kwa duara la inchi 16. Tofauti imeshuka hadi takriban milimita 0.8. Sikufika bapa kabisa, kwa sababu nataka kuweza kupiga uzi mmoja wa kati bila kuamsha majirani zake.

Risasi ya penseli ya 2B ndani ya kila mfereji, na kizingiti kimekaa kwa tone mbili za gundi.

Jumapili, shingo na vipimo

Nyuzi sasa zimekazwa kamili, na zile kilo 60 zimeivuta shingo mbele kama nilivyotarajia. Nimebana kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza, nimebonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, nikapima nafasi katikati kwa vile vibamba ambavyo mafundi magari wanapimia valvu. Ilikuwa milimita 0.6. Nimezungusha chuma cha ndani ya shingo kwa spana ya alen, robo mzunguko, nikaacha mbao itulie usiku kucha, kisha kidogo tena. Imesimama kwenye 0.25. Asiharakishe mtu hapa. Mbao inajibu polepole, na chuma kikikazwa kupita kiasi uzi wake wa skrubu unakatika ndani ya shingo.

Daraja limepandishwa mpaka freti ya 12 ikafika milimita 3.0 upande wa uzi wa kwanza na 3.2 upande wa sita. Bado naweza kubonyeza kodi nyepesi karibu na kichwa. Vidole vinalalamika kidogo, lakini kodi inatoka.

Jumanne, kwa fundi wa kukereza

Karakana iko Ngamiani, ndani ndani kwenye zile barabara za namba. Nilikuwa na slaidi za majaribio tatu. Kipande cha bomba la shaba nyekundu kutoka kwa fundi friji: chepesi mno, ukuta wa milimita moja, noti inakufa. Shingo ya chupa: sauti tamu, lakini tumbo lake halilingani. Soketi ya plagi: nzito na nzuri ajabu. Lowell George alijulikana kwa kupigia soketi ya inchi 11/16, na ukiisikia kwenye ampu (kikuza sauti cha gitaa) unaelewa. Tatizo la soketi ni fupi kwangu na ndani yake ina pembe sita zinazouma kidole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini leo?"

"Naomba unikerezee bomba la shaba ya manjano. Ndani milimita 19, nje 25, urefu 62."

"La maji?"

"La gitaa, mzee. Linavaliwa kidole hiki cha mwisho."

Hakuandika vipimo vyangu. Alikishika kidole, akakipima mwenyewe kwa kalipa sehemu tatu: kwenye kifundo, chini ya kifundo, na karibu na kucha. "Kidole si bomba," akasema. "Kifundo kinene, mbele kimepungua. Nikikutobolea moja kwa moja litacheza. Nitakufungulia mdomo, ndani nibane kidogo."

Alifunga nondo ya shaba kwenye mashine, akatoboa, akapanua kwa kisu cha ndani huku akinivalisha mara kwa mara bomba likiwa bado la moto. Mizunguko ya shaba ilikuwa inamwagika miguuni mwake kwa rangi ya dhahabu. Alipomaliza alichonga ukingo mmoja kwa mviringo ili usikate uzi ukipita, akapiga msasa mashine ikizunguka, 400, 800, kisha 2000 na maji. Nyumbani nimemalizia kwa Brasso na kitambaa cha fulana. Uso wa slaidi uwe kioo. Mkwaruzo usioonekana kwa jicho unasikika kwenye spika.

Kwa vipimo hivyo inakuja kama gramu 109. Ingekuwa ya kioo, umbo lilelile lingekuwa gramu 32 hivi. Shaba inashikilia noti muda mrefu; kioo kinateleza zaidi na sauti yake ni laini zaidi. Duane Allman alitumia kichupa cha dawa ya mafua, Coricidin, na vichupa vile vikaja kuigwa na watengenezaji slaidi. Kila mtu na kidole chake pia: Allman alivaa cha pete, Bonnie Raitt anavaa cha kati. Mimi nimechagua cha mwisho kwa ajili ya zile kodi.

Alhamisi, umeme

Nyuzi nene zinatoa sauti kubwa zaidi na sumaku za pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zinazivuta kwa nguvu zaidi. Pikapu ikiwa karibu mno, noti za juu zinayumba hata gitaa likiwa kwenye tyuni. Nimezishusha zote mpaka milimita 3 chini ya uzi.

Pikapu ya darajani kwenye waya za kawaida za Stratocaster haina kidhibiti cha toni. Kwa slaidi ya shaba inachoma masikio. Nimelehemu kipande kifupi cha waya kwenye swichi, na sasa toni ya pili inaihudumia hiyo pia. Ikiwa nusu, sauti inafika mahali pazuri, kati ya mwimbaji na fidla.

Mvumo wa umeme wa hertz 50 ulikuwa mkubwa, na wapigaji wa slaidi wanaongeza ampu, kwa hiyo nimefunika matundu ya ndani kwa foili ya jikoni na gundi. Aluminiamu haishiki risasi ya kulehemia, kwa hiyo waya wa ardhi umebanwa kwa skrubu na washa. Umebaki kidogo, unavumilika.

Jambo moja limenifikirisha nilipokuwa nimeinamia waya. Gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni halikuwa la kubonyezwa kwa vidole. Lilikuwa la kulazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma, lile la Rickenbacker la 1932 lililoitwa kikaango kwa umbo lake, na hataza yake alipewa George Beauchamp 1937. Wahawaii walikuwa wakiteleza chuma juu ya nyuzi tangu karne ya 19, Joseph Kekuku akitajwa mbele ya wote, na muziki wao ulipoenea Marekani ukahitaji sauti ya kutosha ukumbi. Chombo hiki kimezaliwa kikiteleza. Ukifika India utaona kimeendelea: Vishwa Mohan Bhatt anapiga raga kwa chuma juu ya gitaa alilolitengeneza upya, na wazee wa pwani waliojaa kwenye sinema za filamu za Kihindi wamelisikia gitaa la Hawaii hata kama hawakulijua jina.

Jumamosi, mazoezini

Nimelipeleka gitaa kwa mzee mmoja wa fidla anayewafundisha vijana wa taarab. Nilimpigia mstari mfupi wa rast kwenye uzi wa nne, nikitokea D. Alisikiliza macho yakiwa chini.

"Mwanangu, unatazama chuma. Hiyo noti ya tatu unaipandisha mpaka kwenye chuma. Teremsha. Tena. Hapo. Usiondoke hapo."

Nimeweka alama ya penseli pembeni mwa ubao alipoikubali, na nimepima nilipofika nyumbani. Freti ya 3 iko milimita 103 kutoka kizingitini, freti ya 4 iko 134. Alama yake ni 119, karibu katikati kabisa. Kila milimita hapo ni kama senti tatu na kitu, ikiwa nusu toni ni senti 100. Ukipanda oktavu moja, milimita hiyohiyo inakuwa senti sita na nusu, mkono lazima uwe mtulivu maradufu. Nimefuta alama. Sikio ndilo litakalofundishwa.

Kingine alichokisema kimebadilisha gitaa zima: "Huo uzi wa tatu ulio wazi unanigombeza." Ni kweli. Kwenye D A D F# A D, ule F# unaitika wenyewe kila nikipiga D, na unaitika tatu ya kimeja, ile ya freti ya 4, wakati rast inataka tatu iliyo chini yake. Melodia inasema hivi na kodi inasema vile. Nimeupandisha uzi huo nusu toni hadi G: D A D G A D. Hapo hakuna tatu iliyo wazi, kuna nne na tano tu, na melodia inaachiwa iamue. Tyuni hii haikuzaliwa kwa bahati. Mwingereza Davey Graham aliipata mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipokuwa Morocco, akitafuta namna ya kupiga gitaa pamoja na wapiga udi. Imerudi kwenye kazi yake.

Tulipiga tena, yeye na fidla, mimi na shaba. Kidole cha shahada nimekilaza nyuma ya slaidi kuzima vijimlio vinavyobaki upande wa kichwa, mkono wa kulia unazima nyuzi ambazo hazijaitwa. Kazi kubwa ya slaidi ni kunyamazisha. Vibrato aliipenda ilipokuwa nyembamba, ikizunguka juu na chini ya noti kwa kiasi kilekile. Ikienda upande wa juu tu, alinyoosha upinde akatikisa kichwa.

Jumatatu, vilivyobaki

Uzi wa sita bado unagusa freti ya 15 nikipiga kwa nguvu. Nitapandisha kikalio chake robo mzunguko na kupima upya. Vikalio vya darajani nimevirudisha mbele kidogo, kwa sababu uzi usiobonyezwa hauhitaji fidia kubwa ya urefu, lakini kodi za chini zimeanza kupanda, nitatafuta mahali pa katikati. Mzee ameomba nimletee slaidi ya kioo aisikie na rast ileile. Kuna kichupa cha dawa cha kioo kinene hapa nyumbani, kipenyo cha ndani milimita 20, kesho nakiondoa chapa.